Manju Aliyekopa Usiku

Mzee Masanja, mwenye ng'ombe mia mbili na sauti inayowatosha wote, alisema siku shamba lile litakapotoa mtama yeye atatembea hadi Songwa akiwa amevaa gauni la mkewe. Mwenyekiti wa kitongoji alisema jembe ndilo litakaloanza kuvunjika, mgongo utafuata. Mke wa mwenye shamba alisema, "Mwacheni. Akichoka atarudi kwenye ngoma." Na mimi, niliyekuwa nimerudi kijijini na diploma ya kilimo, nilisema lile lile kwa maneno marefu zaidi. Nilisimama palepale shambani, mbele ya watu wote, nikaeleza kuhusu chumvi, tabaka gumu na ukosefu wa mboji, nikahitimisha kwamba mkulima asiye na ng'ombe, mkokoteni wala fedha ya mbolea hawezi kuufufua udongo wa namna ile. Watu walinipigia makofi. Yeye pia alipiga, tena kwa mahadhi, kisha akauliza, "Mtaalamu, umemaliza? Naomba jembe langu, umelikanyaga."

Jina lake sitalitaja. Huku kwetu Kishapu halikuwa na kazi kubwa, maana wote, hata mkewe, tulimwita Manju. Kwa miaka mingi alikuwa mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa kundi la ngoma ambalo, mavuno yakiisha, lilishindana na makundi mengine mpaka vumbi likafunika jua. Ukoo wake na mahali alipozaliwa wanaotaka wataulizia. Mimi naandika niliyoyaona kwa macho haya, na macho haya yameona mengi. Yameona mashimo ya dhahabu ya Geita kutokea ndani. Yameona karasha langu la kwanza likisaga mawe, na chumba cha kupanga mtaa wa Kalangalala ambamo kunguni walinizidi heshima. Yameona chuo pia, nikiwa mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko walimu wawili. Niliondoka kijijini na viatu vya kuazima, nikarudi na nyumba ya bati la rangi, kisima, ng'ombe arobaini na cheti nilichokitia kwenye fremu. Sijisifu, naeleza hali ilivyo.

Goti lake la kushoto lilipokataa ngoma, Manju aliomba ardhi. Alipewa eka tatu za ibambasi, ule udongo wetu mweupe ambao jembe likiupiga hulia kama limegonga sufuria. Mvua ikinyesha juu yake haizami, inateleza kuelekea korongoni na kuchukua kidogo kilichobaki. Nyuma ya eka hizo tatu kulikuwa na eka nane za kichaka kilichotafunwa na mbuzi mpaka visiki. Hicho nacho akapewa, kwa kicheko. Kati ya shamba lake na langu palipita kinjia tu, kwa hiyo hakuna alichofanya ambacho sikukiona, na hakuna nilichofanya ambacho hakukitungia wimbo.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kijiji kizima kilijua. Manju aliogopa ng'ombe. Msukuma anayeogopa ng'ombe ni kama padri anayeogopa kanisa, lakini ndivyo alivyokuwa. Mtamba akimtazama kwa sekunde mbili, Manju yuko ng'ambo ya mfereji. Ukimwuliza sababu, kila siku alikuwa na sababu mpya. Siku moja alisema alipigwa teke utotoni, siku nyingine akasema ni ndoto. Sababu niliyoipenda ni ya mahari: "Baba mkwe alitaja kumi na wawili. Nikapata sita kwa shida. Wale sita walinicheka njia nzima. Tangu hapo hatuaminiani."

Na ni ng'ombe hasa aliowahitaji. Kijijini kwetu samadi haikosekani. Penye mazizi ya zamani imelundikana mpaka kuku wanaitumia kama mlima. Kinachokosekana ni mkokoteni, maksai wa kuukokota na mikono ya kupakia. Mwenye ng'ombe anavyo vyote hivyo na haoni haja ya kuitoa samadi zizini. Asiye na ng'ombe ana haja, lakini hana cha kubebea. Nilishafundishwa tatizo hili chuoni, muhula mzima. Manju alilimaliza kwa sentensi moja, akiwa anatafuna kipande cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa: "Samadi yenye miguu minne haihitaji mkokoteni."

Akajenga zizi la miiba katikati ya shamba lake, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba kitu ambacho hakuna aliyewahi kuombwa. Alikuwa akikopa usiku. Ng'ombe wako waje walale shambani kwake jioni hadi asubuhi. Asubuhi unawachukua wote, na mikia yao. Walichoangusha ni mkopo, na mkopo huo ataulipa siku ya njaa ya mifugo, siku moja ya malisho kwa kila usiku mmoja.

"Malisho yako yako wapi?" Masanja alimwuliza.

"Yanakuja."

"Yanakuja na basi la saa ngapi?"

Masanja alicheka mpaka togwa ikamwagika kifuani. Mimi pia nilicheka, ila kwa kiasi, kama mtaalamu.

Aliyemkopesha wa kwanza alikuwa Mama Milembe, mjane mwenye ng'ombe wanne, jirani yetu wa upande wa kisima. Nilikuwepo.

"Manju, wangu ni wanne tu. Watakujazia nini?"

"Mgeni hapimwi tumbo, Mama Milembe."

"Na wakiibwa?"

"Nitalala mlangoni mwa zizi mimi mwenyewe."

"Wewe? Unayekimbia ndama?"

"Nitalala mlangoni," akasema Manju, "kwa nje."

Na kweli alilala kwa nje, amejifunika blanketi, mkewe akiwaingiza na kuwatoa wanyama. Kila baada ya siku chache walisogeza miiba hatua kadhaa mbele, ili kila kipande cha shamba kipate zamu yake ya samadi na mkojo. Wengine wakaanza kukubali, kwanza kwa huruma, baadaye kwa kutaka kuona. Masanja alitoa usiku mmoja ili apate cha kusimulia mnadani. Alileta ng'ombe wote mia mbili, wakavunja zizi, wakatapakaa kona nzima ya shamba. Asubuhi tulimkuta Manju juu ya mgunga, mti wenye miiba mirefu kuliko kidole, na hakuweza kutueleza alivyopanda. Nami nilitoa usiku mmoja. Nilitoa na hotuba, kuhusu uhusiano wa mifugo na rutuba. Ilikuwa hotuba nzuri.

Madeni hayo hakuyaandika popote, ingawa alijua kusoma kuliko nilivyodhani. Aliyaimba. Kila aliyemkopesha alikuwa na ubeti wake, na akilima alianza na wa kwanza mpaka wa mwisho, jembe likishuka kwenye mapigo. Wanawake waliokwenda kisimani waliujua wimbo huo kuliko nyimbo za kwaya. Ubeti wa Mama Milembe ulirefuka kila msimu, maana hakuacha kuwaleta wanne wake. Wa Masanja ulisema: usiku mmoja, na kelele za usiku mia. Wangu ulisema: Diploma, usiku mmoja na hotuba. Watoto wa shule waliniimbia barabarani. Nilivumilia, kwa kuwa mtu aliyesoma hagombani na wimbo.

Nilikuwa na njia yangu pia, na naisema wazi ili haki itendeke. Nilikodi trekta kutoka Nyahanga, kule Kahama, likaja na dereva mwenye kofia. Lililima eka zangu tano kwa kina ambacho babu zetu hawakuwahi kukiona. Nikamwaga mbolea ya mfuko. Ila ibambasi ukiufukua hivyo, ule weupe wa chini wenye chumvi unapanda juu, na hilo nililijua kwa mtihani lakini nikalisahau kwa furaha ya trekta. Mvua ilipopiga, maji yalisimama kama kioo, kisha juu pakakauka na kuwa kigae. Mahindi yangu yalitoka ya njano, yakabaki ya njano, yakafa yakiwa ya njano.

Manju hakulima kwa kina. Alichimba vishimo, kimoja kimoja, mlemle walimolala ng'ombe. Mabua ya mtama, ambayo sisi wote tulikuwa tukiyachoma kila kiangazi kwa sababu moto hurahisisha kazi, yeye aliyalaza juu ya udongo kama mkeka. Msimu wa kwanza alivuna debe moja. Alilichezea ngoma debe hilo, kwa goti lile bovu, mbele ya nyumba, na mkewe akapiga vigelegele vya kejeli. Msimu wa tatu mtama wake ulinifika kidevuni, na mimi si mfupi. Mvua ilipokuja, maji yaliingia ardhini badala ya kukimbilia korongoni. Masanja alipokumbushwa habari za gauni, alisema gauni la mkewe halimtoshi mabegani, wamletee kubwa.

Nilichukua konzi ya udongo wake, nikainusa kitaalamu. Ilinuka uhai. Siku hiyo nilikwenda kwake kujifunza, lakini kwa njia yangu: nilimweleza kila anachofanya na kwa nini kinafanya kazi, yeye akasikiliza kwa adabu, akinisahihisha mahali patatu. Msimu uliofuata nilianza kuwalaza ng'ombe wangu shambani mwangu na kuyalaza mabua. Mimi nilikuwa na ng'ombe arobaini na wafanyakazi wawili, kwa hiyo mafanikio yangu yalikuwa makubwa zaidi. Alitunga wimbo kuhusu hilo pia.

Lakini moyo wake haukuwa kwenye mtama. Ulikuwa kwenye zile eka nane za nyuma. Alizifanya ngitili, yaani malisho ya akiba, desturi yetu ya tangu zamani: mvua zikianza eneo linafungwa, mnyama haingii wala shoka, mpaka kiangazi kikiuma. Wengi siku hizi wanafunga kwa maneno tu. Manju alifunga kama benki. Visiki vilichipua, kivuli kikarudi, na chini ya kivuli majani yakasimama mpaka kiunoni. Alifyeka ukanda mpana kuzunguka kote ili moto wa jirani usivuke. Mbuzi hakuwaogopa hata kidogo. Akimkamata mmoja ndani, alimrudisha kwa mwenyewe akiimba jina la mwenyewe kutoka ngitili hadi mlangoni, na watu walikuwa radhi kulipa faini ya kijiji kuliko kuimbwa hivyo.

Mtu yuleyule aliyeweza kukupa nusu ya chakula chake alikuwa mchoyo wa majani kupita kiasi. Nyumba yake ilivuja. Mkewe alinunua nyasi za kuezekea kijiji cha pili, akazibeba kichwani akipita kando ya eka nane za nyasi.

"Watu, mnamwona mume wangu?" alilalamika kwa sauti ili sote tusikie. "Tajiri wa majani, na mimi nalowa!"

"Si yangu hayo, mama. Yana wenyewe. Ni ya waliolaza."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nalikiri nusu. Nilimhurumia. Geita nina watu wengi, nafahamika, na mashimo ya wachimbaji wadogo hayakai bila matimba, yale magogo ya kushikilia kuta zisiwaporomokee. Nikamleta mnunuzi wa matimba na lori lake. Tulikaribishwa maziwa mgando. Mnunuzi alitembea ndani ya ngitili, akapapasa miti kama anayepapasa mbuzi wa sikukuu.

"Mzee, nachukua yote. Leo hii unanunua ng'ombe wako ishirini."

"Ishirini!" Manju alishika kifua. "Diploma, umeniletea muuaji?"

Tulicheka wote, mnunuzi pia. Kisha Manju akaweka kikombe chini. "Kivuli kikiondoka, majani hayatamaliza kiangazi. Majani yasipokuwepo, usiku wa watu nitaulipa na nini? Nina goti hili na umri huu. Sina miaka mingine ya kuotesha. Mimi sitaki kuzikwa na usiku wa watu."

Nikamtazama mkewe, nikijua atanisaidia. Mama yule aliyelowa kila masika alimgeukia mnunuzi. "Kunywa maziwa, baba, uondoke salama na lori lako. Njia ya kugeuzia iko pale."

Kisha ukaja mwaka ambao mvua zilitudanganya. Zilinyesha siku mbili, zikaaga. Mbuga zilipasuka mpaka ukaweza kupoteza ndala kwenye ufa. Asubuhi ulisikia wanaume wakihesabu, moja, mbili, tatu, wakimwinua ng'ombe kwa mkia ili asimame. Wengine walianza kufungasha kuhamia magharibi. Manju naye alikuwa amekonda, anakohoa, anasimama katikati ya sentensi kupumzika. Ngitili yake ndiyo iliyokuwa na majani yenye maana upande wetu wote. Watu walianza kupita karibu nayo bila sababu.

Siku aliyofungua alipiga ngoma mlangoni, ile kubwa ambayo hakuwa ameigusa miaka mingi, na wimbo wa madeni ukawa ratiba. Kila aliyelaza alipewa siku zake, kundi moja kwa siku, jua likizama unatoka. Kwa hiyo majani yalipumzika kila usiku, na hayakukanyagwa na kijiji kizima kwa pamoja.

Masanja alifika na hoja. "Manju, mimi nilileta mia mbili. Mama Milembe wanne. Huwezi kunilipa siku moja kama mtu wa wanne. Hesabu vichwa!"

"Nilikopa usiku, sikukopa vichwa."

"Basi nikiingiza mia mbili kwa siku moja?"

Ng'ombe mia mbili wangeacha nini kwa waliobaki? Manju alivuta mti wa mlangoni kwa mikono yake, akakaa pembeni, mbali na pembe. "Ni haki yako. Ingiza."

Masanja alitazama majani. Akatazama nyuma, ambako wenye ng'ombe watatu watatu walikuwa wamesimama wakiwashikilia wanyama wao. Alikuna kichwa. Halafu akapiga mluzi, akawarudisha wengi, akaingiza sitini waliokuwa wakiyumba. Nimeona dhahabu ikitoka kwenye mwamba, lakini tajiri anayeona haya nimemwona mara hiyo tu.

Siku yangu ilipita upesi. Siku moja kwa usiku mmoja, ndivyo nilivyokuwa nimemkopesha, na hotuba hailishi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelipwa kikamilifu, na nikiwa na njaa ya majani kuliko jana yake.

Waliobaki walilipwa mmoja mmoja, mpaka zikabaki siku za Mama Milembe tu, na zilikuwa nyingi. Kiangazi kilikuwa kimemwachia ng'ombe mmoja tu. Siku ya mwisho nilipofika, nilimkuta ng'ombe yule peke yake ndani ya eka nane, akitembea kama bibi harusi. Nje ya uzio wa miiba kulikuwa na ng'ombe wetu sisi sote, pua zimeelekea ndani. Manju alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, kwa nje, amevaa shati jeupe.

"Manju," alisema Masanja, "ng'ombe mmoja eka nane?"

"Siku ni ya Mama Milembe."

"Mama Milembe, dada yangu, sema naye."

"Eh! Leo nimekuwa dada?" akajibu Mama Milembe. "Mzee Masanja, miaka yote nakuamkia mnadani, huitiki. Nilidhani masikio yako umeyauza."

Kicheko kilipanda hadi kisimani. Masanja alicheka pia, kwa uchungu. Mama Milembe akamgeukia Manju. "Siku hii ni yangu kweli?"

"Mpaka jua lizame."

"Naweza kuitumia nitakavyo?"

"Ni yako. Mimi nalipa, sipangi."

"Basi wasioweza kusimama wenyewe waingie. Wanaojiweza wabaki. Na wewe Diploma, usiniletee wale wako wanene."

Sikuwa na wanene. Niliingiza wanane. Masanja aliingiza wake, na wengine wao, na mchana kutwa hatukusikia kitu ila meno yakikata majani. Jua lilipogusa miti tukawatoa wote. Manju alisimama, akaimba ubeti wa Mama Milembe wote, taratibu, akikohoa kati, kisha akamshika mkono kwa mikono miwili. Hakuna aliyebaki akimdai. Mkewe alifuta macho kwa kanga, akasema ni vumbi.

Nikasogea nimpongeze. "Mzee, hongera. Leo huna deni hata moja."

"Usinipongeze haraka, Diploma," akasema. "Mtu asiyedaiwa usiku hata mmoja, mwakani shambani kwake atapanda kwenye nini?"

Nilianza kumweleza kitaalamu, Masanja akanipita. "Wangu walale kwako leo, Manju. Hata wiki."

"Leo ni wangu," Mama Milembe akamkatiza, "yuko hapa hapa mlangoni, hata safari hana."

"Mmoja huyo atajaza nini?"

"Muulize mtama!"

Kila mtu akataka kuwa wa kwanza. Walisukumana mpaka miiba ya mlango ikawachana mashati, wakigombania nani ampe Manju samadi, na Manju mwenyewe alikuwa amekwishapanda juu ya kigoda kwa sababu ng'ombe walikuwa wakisukumana pia. Mkewe ndiye aliyetupanga. Nilimweleza kwamba mimi nina diploma, nina ng'ombe arobaini, na ni jirani wa mpakani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa Alhamisi ya wiki ya tatu, nami nikamshukuru sana.